Je, Wajua? Gari la rimoti liende chini, betri ibaki mkononi

Hapa hatuzungumzii vigari vya plastiki vya sikukuu vinavyokufa kabla ya Januari. Tunazungumzia magari ya rimoti ya mashabiki wenyewe: yana shokapu za mafuta, difu za chuma, mota inayonguruma, na kila kipande kina spea yake dukani. Yakikaa nyumbani hayana neno. Yakifika uwanja wa ndege, yanageuka somo la hesabu, kemia na sheria kwa mpigo.

Kinachoweza kuwaka ndicho kinachokaa na abiria

Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa kwenye begi linalopakiwa tumboni mwa ndege. Zinatakiwa ziwe kwenye begi la mkononi, karibu na kiti chako. Anayesikia mara ya kwanza hudhani karani wa kaunta amechanganya mambo, lakini hakuchanganya. Kule chini hakuna wa kuona moshi unapoanza. Huku juu kuna abiria wenye pua na wahudumu waliofundishwa la kufanya. Isitoshe, moto wa chini huzimwa kwa gesi ya haloni, ambayo huua ndimi za moto lakini haipozi betri. Seli moja ikishachemka huichemsha jirani yake, na hiyo nayo huichemsha ya tatu, haloni ikiwa imejaa tele.

Gari tupu, bila betri, lipakie utakako. Betri ikiwa imefungwa ndani ya gari na kila kitu kimezimwa, kanuni za kimataifa hukubali liende chini, ingawa hata hapo zinapendelea likae juu. Ya kuangalia ni dakika ya mwisho: ndege imejaa, mhudumu anasimama mlangoni na kulichukua begi lako la mkononi likapakiwe na mizigo mingine. Betri za akiba hutolewa kwanza, ndipo begi liondoke.

Ruhusa ni jibu la hesabu ya shule ya msingi

Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa. Jibu likiwa 100 au chini, pita. Likizidi 100 lakini lisivuke 160, unahitaji kibali cha shirika la ndege, na mwisho ni betri mbili tu za akiba. Likivuka 160, iache nyumbani.

Chukua pakiti ya kawaida ya lithiamu-polima, ambayo wenyewe huiita lipo. Juu imeandikwa 2S, yaani seli mbili, kisha 7.4V na 5000mAh. Hiyo ni 7.4 mara 5, sawa na wati-saa 37. Ya seli tatu yenye ujazo huohuo ni 55.5, ya nne ni 74. Ya seli sita, ile inayosukuma magari makubwa, inafika 111, na hapo tayari umeingia kwenye foleni ya kuomba kibali.

Kinachochekesha ni mchoro wa pakiti zenyewe. Watengenezaji hupenda kuzipamba kwa ndimi za moto na umeme wa radi, halafu ile namba ya wati-saa, ambayo afisa wa usalama anaitafuta kwa jicho kali, wanaichapa nyuma kwa herufi ndogo, au hawaichapi kabisa. Betri isiyoonyesha namba zake ni mzozo unaosubiri kutokea, kwa hiyo wasafiri wazoefu huichagua ile yenye maandishi yanayosomeka, hata kama ina moto mchache wa kuchorwa.

5000 ya simu si 5000 ya gari

Simu nyingi za siku hizi hujivunia betri ya 5000mAh, namba ileile iliyo kwenye lipo ya gari. Ila ya simu ni seli moja ya takriban volti 3.85, yaani wati-saa 19 hivi. Ya gari, kwa seli mbili, inabeba karibu mara mbili ya nishati hiyo. Miliampea-saa peke yake haisemi kitu bila volti. Ndiyo maana kanuni za anga zinapima wati-saa.

Kuna kompyuta iliyokatiwa betri kwa kipimo cha ndege

MacBook Pro ya inchi 16 imetoka kwa miaka kadhaa ikiwa na betri ya wati-saa 99.6. Siyo 105, siyo 120, ingawa mwili wake ni mkubwa. Ukishajua mstari wa 100 ulipo, utaanza kuona namba za 99 kwenye betri za kila aina, na utajua walikuwa wanaikimbia kaunta gani.

Betri ya kushika kwa mkono mmoja inadai ampea 250

Lipo ya 5000mAh iliyoandikwa 50C inadai kuweza kumwaga umeme kwa mara 50 ya ujazo wake: ampea 250. Plagi ya ukutani ya Kenya, Tanzania au Uganda, ile ya pini tatu za mraba, imejengewa fyuzi isiyozidi ampea 13. Wenye uzoefu watakuambia 50C za lebo mara nyingi ni za kujisifu, na mimi naungana nao. Lakini hata ukiigawa namba hiyo kwa nne, bado unabaki na umeme wa kutosha kuufanya ufunguo wa nyumba uwe mwekundu.

Hiyo ndiyo sababu ya sharti linaloonekana dogo: ncha za betri zifunikwe. Pakiti za mashindano zenye ganda gumu huwa na vitundu viwili vya shaba usoni, kila kimoja kipana kidogo kuliko risasi ya kalamu. Kipande kimoja cha tepu juu ya kila tundu, kila betri kwenye mfuko wake, na hakuna sarafu wala ufunguo utakaopiga shoti humo begini. Mifuko maalumu ya kitambaa kisichoshika moto inauzwa pia, na inawatuliza sana maafisa wanaopekua, lakini tepu na mfuko wa plastiki wa jikoni vinatimiza sharti.

Betri yako imeshafika mita 15,000 kabla yako

Kila aina ya betri ya lithiamu inayosafirishwa kihalali lazima ifaulu mtihani wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kwa namba 38.3. Swali la kwanza la mtihani ni kimo. Betri inafungiwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa hadi shinikizo linalolingana na mita 15,000 angani, na kuachwa humo kwa saa sita. Ndege za abiria huruka kwenye mita 10,000 hadi 12,000, na hata huko hewa ya ndani hupampiwa ilingane na ya mlima wa mita 2,400 au chini yake.

Kisha inapashwa hadi nyuzi 72, inagandishwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, mara kumi. Baadaye inatikiswa, inapigwa kishindo, inapigishwa shoti makusudi, inapondwa. Sampuli zikivuja au kulipuka, aina hiyo imefeli. Kwa hiyo anayeogopa kwamba lipo itapasuka kwa sababu tu ya urefu wa anga aondoe wasiwasi. Wa kumwogopa ni fundi wa betri za vichochoroni ambazo hazikufanya mtihani wowote, au ile pakiti yako mwenyewe iliyovimba baada ya kugonga ukuta. Iliyovimba, iliyobonyea au iliyotobolewa haipandi ndege kabisa, juu wala chini.

Maji ndiyo, barafu hapana

Kifaa kikishika moto ndani ya ndege, mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, unawaambia wahudumu wazime miali, kisha wakimwagie maji au kinywaji chochote kisicho na kilevi. Soda inafaa. Barafu imekatazwa, kwa sababu ikirundikwa juu ya betri inageuka blanketi: inalifungia joto ndani, na seli zilizobaki zinaendelea kuchemka. Maji yanayotiririka huondoka na joto.

Watu wengi waliosoma kemia sekondari hushtuka hapa, wakikumbuka lithiamu inavyochachamaa ikiguswa na maji. Lakini betri hizi za kuchajiwa hazina kipande cha chuma cha lithiamu. Ndani yake lithiamu husafiri ikiwa ioni, ikijipenyeza kwenye tabaka za grafiti na kutoka.

Shampuu ilitosha kuharibu hesabu

Mwaka 2017 FAA ilijaza masanduku vitu vya msafiri wa kawaida, ikaweka ndani kompyuta mpakato, kisha ikaipasha moto betri makusudi. Katika jaribio moja kopo la shampuu kavu ya kupuliza lilikuwa limelala ubavuni mwa kompyuta. Chini ya dakika moja kopo lilipasuka, haraka kuliko haloni ingeweza kufanya kazi. Shampuu yenyewe inaruhusiwa kusafiri, na kompyuta nayo pia. Ujirani wao ndio uliotisha.

Dubai, 3 Septemba 2010

Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani, ikiwa imebeba, pamoja na mengine, shehena kubwa ya betri za lithiamu. Dakika 22 hivi baada ya kuruka, kengele ya moto ililia. Marubani waligeuza, lakini moshi ulijaa chumba chao kiasi cha kutoona vyombo vilivyo mbele yao, na ndege ilianguka karibu na jiji. Wote wawili walifariki. Ripoti ya wachunguzi wa Falme za Kiarabu iliuweka moto kwenye eneo la mizigo lililokuwa na betri.

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda Dubai kufunga mzigo, na kushangaa kwa nini wakala anauliza mara tatu kama kuna betri ndani ya katoni, jibu lao lina mizizi siku hiyo.

Betri haisafiri bila mwenyeji

Tangu 1 Aprili 2016, kwa uamuzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, betri za lithiamu-ioni zilizofungwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama shehena kwenye ndege ya abiria. Kwa hiyo kuna jambo la kuchekesha: ndege ileile inayolikataa boksi lenye lipo mbili inakukubali wewe na lipo mbili zilezile begini, mradi umekata tiketi. Boksi hilo litalazimika kutafuta ndege ya mizigo tu, na humo chaji yake isizidi asilimia 30, au lishuke baharini na kuja kwa meli. Ukiona duka la ng'ambo linakuuzia gari kwa furaha lakini linagoma kukutumia betri, wamezisoma kanuni.

Dreamliner ya kwanza kurudi angani na abiria ilikuwa safarini kuja Nairobi

Januari 2013, Boeing 787 Dreamliner zote zilizokuwa kazini duniani, 50 kwa jumla, zilizuiwa kuruka. Chanzo kilikuwa betri zao za lithiamu: moja iliwaka kwenye ndege iliyoegeshwa Boston, nyingine ikatoa moshi angani Japani na kulazimisha ndege kutua kwa dharura. Kila betri ilikuwa na seli nane, na kemia yake ni ya ukoo uleule wa lipo nyingi za magari ya rimoti, ila yenyewe ina uzito wa kilo 28 hivi.

Dawa iliyopatikana inafurahisha kwa unyofu wake. Pamoja na kuboresha seli na chaja, Boeing iliifungia betri ndani ya sanduku la chuma kisichoshika kutu, na kutoka humo ikapitisha bomba hadi nje ya ndege: ukiwaka, waka humo, moshi wako peleka nje. Tarehe 27 Aprili 2013, Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza kurejesha abiria kwenye 787, ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi.

Betri ya lithiamu ina kobalti nyingi kuliko lithiamu

Lipo nyingi za magari haya hutumia oksidi ya lithiamu na kobalti. Ukipima gramu 100 za kampaundi hiyo, kobalti ni kama gramu 60 na lithiamu ni kama gramu 7. Zilizobaki ni oksijeni. Jina la heshima limekwenda kwa mwenye gramu saba.

Na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, ya migodini na ya nyumbani. Gari linalokimbizwa kwenye uwanja wa udongo California lina uwezekano mkubwa wa kubeba jiwe lililotajwa bei kwa Kiswahili kwanza. Ningependa watengenezaji wachapishe hilo kwenye lebo, badala ya ile radi.

Ilizaliwa kwa kuangushiwa chuma

Kampaundi hiyo ya kobalti iliibuliwa Oxford mwaka 1980 na kundi la John Goodenough. Akira Yoshino wa Japani akaitumia kuunda betri kamili, na mwaka 1986 akaipeleka mahali palipojengwa kwa kujaribia vilipuzi, akaidondoshea pande la chuma. Haikulipuka. Alifanya hivyohivyo kwa betri ya zamani yenye lithiamu ya chuma, na hiyo ikawaka vibaya. Yoshino amesema mara nyingi kwamba hapo ndipo lithiamu-ioni ilipozaliwa. Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 Yoshino, Goodenough na Stanley Whittingham walipewa Nobeli ya kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97, mshindi mzee kuliko wote.

Seli mbili ziliingia mahali pa sita

Magari ya rimoti ya miaka ya 1980 yalitumia seli sita za nikeli-kadimiamu, volti 1.2 kila moja, jumla 7.2. Lipo ya seli mbili ina 7.4. Kwa bahati hiyo ya namba, gari la kampuni ya Tamiya lililonunuliwa 1984 likifufuliwa leo linaweza kwenda na betri ya kisasa, mradi kidhibiti mwendo chake kijue kukata umeme mapema: lipo ikinyonywa chini ya volti 3 kwa seli, imekwisha.

Vimiminika vinaangusha zaidi kuliko betri

Mafuta ya magari ya nitro, mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, hayaruhusiwi popote ndani ya ndege ya abiria, hata kijiko kimoja. Injini iliyowahi kuyanywa na bado inanuka inaweza kukataliwa pamoja nayo. Makopo ya dawa ya kupuliza ya kusafishia mota nayo yabaki. Mafuta ya silikoni ya shokapu hayana shida, isipokuwa kwenye begi la mkononi yafuate sheria ileile ya manukato: chupa isizidi mililita 100.

Tairi za magari haya hazina upepo

Nyingi zimejazwa sponji na zina vitundu vya kupumulia. Hazihitaji kutolewa upepo kabla ya safari.

Hata kabati la juu limeanza kushukiwa

Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Watu wote walitoka wakiwa hai, na wachunguzi waliinyooshea kidole pawabenki. Kuanzia 1 Oktoba 2025, Emirates imezuia kutumia pawabenki safarini na imeagiza iwekwe chini ya kiti au kwenye mfuko wa kiti cha mbele. Lipo siyo pawabenki kisheria, ila moshi haujui tofauti. Miguuni ndipo pazuri.

Gari hili lilikimbia kuliko ndege inayopaa

Oktoba 2014, huko Utah, Marekani, gari la rimoti linalotumia betri, lililoundwa na Nic Case, lilipimwa likienda kilomita 325 kwa saa. Boeing 737 huacha ardhi kwa kilomita 240 hadi 290 kwa saa, kutegemea uzito wake siku hiyo. Katika kasi kama hizo, hewa ikipata upenyo chini ya pua, gari la kilo chache hunyanyuka na kujipindua hewani. Ndiyo maana wanaoyakimbiza huyashusha hadi yakaribie kulamba lami, na kuyavisha bodi ndefu bapa ambayo kazi yake ni moja: kulizuia gari lisiruke.